Pete Iliyotoka Udongoni

Kabla ya mambo haya, jina la Gamaliel lilikuwa linatosha. Alikuwa fundi wa radio kule Kimemi, Butembo, na shemasi wa kanisa kwa miaka kumi na moja. Watu walimwachia radio na simu zao wakaenda zao bila kudai kikaratasi. Mke wake, Florentine, aliyeimba katika kwaya ya wamama, alipenda kusema mbele za watu kwamba tangu aolewe hajamkamata mume wake na uongo, hata ule mdogo wa kumnyamazisha mtoto.

Mashine iliingia nyumbani mwao kupitia binamu yake Manassé, ambaye alikuwa amemaliza ujana wake kwenye milima ya Lubero akitafuta dhahabu. Mgongo ulipomshinda, alirudi mjini na mfuko mmoja wa nguo na hicho chombo: fimbo ya chuma yenye sahani ya duara chini na kisanduku cha betri juu.

“Kamata hii, yaya, kaka yangu,” alimwambia Gamaliel. “Ni détecteur, ya kutafuta zahabu. Mimi na udongo tumeachana.”

Waya mmoja tu ndio ulikuwa umekatika. Gamaliel aliuunga, akaweka betri mpya, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akapitisha sahani juu ya udongo wa nyuma ya nyumba. Mashine ikalia. Akachimba kwa kisu, akatoa kijiko cha mtoto kilichopotea Delphin, mwana wao, akiwa na miaka mitatu. Delphin sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa anajitayarisha kumwoa Bénite. Gamaliel alikishika kile kijiko akacheka peke yake, na toka siku ile mashine ikamteka.

Kuna bustani ya watu wote katika mji, jardin kama wote wanavyoiita, yenye mikalitusi mirefu na viti vya simenti. Wabelgiji walipumzikia pale, na baada yao kila mtu: wanafunzi wanaorudia masomo, wapenzi, maharusi wanaotafuta mahali penye majani pa kupigia picha. Gamaliel aliwaza vitu vyote vilivyodondoka kutoka mifuko ya watu hao kwa miaka themanini. Asubuhi moja, kabla ya kufungua duka lake, alikwenda pale na mashine begani.

Mwanamke aliyekuwa anafagia majani makavu alimtazama kwa muda, kisha akaja.

“Papa, ulipoteza nini?”

“Sikupoteza kitu, mama. Natafuta vitu vya zamani. Makuta, feza ya Babelgiji, vifungo, vitu kama vile.”

“Hapa ni mimi nafagia. Kama unachimba mashimo, batu ya commune, serikali ya mutaa, batauliza mimi.”

“Kila shimo nitalifunika. Hautajua hata kama nilipita.”

Mwanamke aliegemea fagio. Alikuwa wa makamo, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa hadi karibu na nyusi. Jina lake lilikuwa Jokébed.

“Ile mashine inaonaka na zahabu?”

“Inaonaka yote, mama. Zahabu, shaba, na masumari zaidi.”

Ndipo akamweleza. Alitoka kijiji kimoja upande wa kaskazini ya Beni. Mume wake, Kakule, alikuwa mpasuaji wa mbao. Watu wenye mapanga walimkuta shambani na hakurudi. Yeye alikimbia na wengine hadi Butembo, na kwa majuma mawili ya kwanza, kabla ya kupata nyumba, walilala hapahapa kwenye jardin, chini ya miti. Pete yake ya ndoa alikuwa ameifunga kwenye pembe ya kikwembe, nguo yake ya kujifunga, kwa kuogopa wezi. Asubuhi moja walifukuzwa haraka haraka ili mahali pasafishwe kwa ajili ya sherehe. Alipofika barabarani, akagusa pembe ya kikwembe, fundo lilikuwa limefunguka.

“Baadaye nilisikia commune inatafuta mutu wa kufagia hapa,” alisema. “Nilikuwa wa kwanza kufika. Ni miaka ine sasa nafagia na kuangalia chini.”

“Ilikuwa pete ya namna gani?”

“Kakule aliifanyisha kwa fundi. Imesokotwa kama kamba, na pahali pamoja nyundo iliiponda kidogo. Donc ukiiona utaijua.” Akamtazama machoni. “Chimba, papa. Mimi sitakukataza. Lakini ukiipata, ni yangu.”

“Ni yako, mama. Nikiipata leo, leo utaivaa.”

Hivyo ndivyo walivyopatana. Kwa miezi mitatu Gamaliel alikwenda jardin karibu kila asubuhi. Alipata vifuniko vya chupa kwa mamia, kengele ya baiskeli, risasi moja aliyoirudisha ndani ya udongo kwa hofu, na sarafu zenye tundu katikati na nyota ubavuni. Sarafu hizo alizipenda kuliko radio zote za duka lake. Alizisafisha kwa ndimu na mswaki wa zamani, akazipanga juu ya meza, akawaza ni mkono wa nani uliozishika mwisho. Jokébed alikuja kuangalia kila alipoinama, na walipoachana aliuliza neno moja tu: “Bado?” Naye Gamaliel alijibu, “Bado, mama.” Walizoeana. Mara nyingine Gamaliel alimletea chai katika chupa, na siku moja alimwambia, “Mtoto wangu anaoa mwezi wa munane. Utakuja.” Jokébed akasema atakuja, tena hatakuja mikono mitupu.

Siku ya pili ya juma moja katika mwezi wa sita, Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa laini. Jokébed hakuwapo, malaria ilikuwa imemlaza. Gamaliel alipitisha mashine karibu na mizizi ya mti wa mwisho, upande wa barabara, ikatoa sauti nyembamba, safi, ambayo hajaisikia bado. Alichimba kwa vidole. Pete ilitoka na tonge la udongo. Aliisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa imesokotwa kama kamba, na pahali pamoja ilikuwa imepondwa.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka dakika zile kwa ukweli wote. Furaha ya kwanza ilikuwa ya Jokébed. Alisimama kabisa na kugeuka kumwita. Kama angekuwa pale na fagio lake, mambo yangeisha hapo na wangecheka wote wawili. Lakini jardin ilikuwa tupu. Aliitia pete katika mfuko wa shati akifikiri, nitamletea kesho. Na alipokuwa anatembea kurudi Kimemi, aliisikia pale kifuani, ndogo na nzito.

Nyumbani aliiosha na kuiweka katika kikombe. Florentine alirudi kutoka sokoni akaona kitu kinang’aa.

“Papa Delphin! Hii ni nini?”

“Niliiokota. Mu jardin.”

Florentine aliketi chini na kikapu chake bado mkononi. Ili kuelewa alichofanya, lazima mtu ajue kwamba wao wawili walioana wakati wa vita na pete za kuazima. Walizivaa saa ya ibada, na jioni ileile wakazirudisha kwa wenyewe. Miaka yote Florentine alisema kwamba mwanawe hataoa hivyo. Lakini mambo yalikuwa magumu, na Delphin alikuwa ameshanunua pete mbili za sokoni, zile zinazoacha alama nyeusi kwenye kidole.

“Mungu ameona,” Florentine alisema, na machozi yakamtoka. “Mungu ameona aibu yangu. Hii ni ya Bénite.”

Gamaliel alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari: hii iko na mwenyewe. Aliona uso wa mke wake, akafikiri, acha afurahi dakika hii, nitamwambia wakati wa kula. Wakati wa kula Delphin alikuwapo. Kesho yake Florentine alikuwa ameshaonyesha majirani wawili.

Siku ya tatu ya juma Jokébed alikuwa amerudi kazini, macho yamemwingia ndani kwa homa. Gamaliel alikwenda akiwa ameamua kumweleza yote. Badala yake alipitisha mashine juu ya majani, na mwisho Jokébed akauliza, “Bado?”

“Bado, mama.”

Lilikuwa neno lilelile la kila siku, na lilitoka kirahisi. Njiani alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni, kama mtoto aliyekamatwa, ingawa hakuna aliyemkamata. Alijiambia kwamba pete za kusokotwa ziko nyingi. Alijiambia kwamba ya Jokébed labda iliokotwa zamani na kuuzwa. Hakuamini hata moja. Siku ya nne alijibu vilevile, na ya tano vilevile.

Siku ya Mungu iliyofuata, Jumapili, wakati wa ushuhuda, Florentine alisimama. Gamaliel alikuwa kwenye kiti cha mashemasi, mbele, uso kwa uso na kanisa lote. Hakujua kama mke wake atasimama; akamwona anakuja mbele na kitambaa cha kwaya kichwani.

“Wapendwa,” Florentine alisema, “munajua niliolewa na pete ya kuazima. Juma hii Mungu alitoa pete ya zahabu mu udongo, akaiweka mu mukono ya bwana yangu, juu ya mutoto wetu, apate kuoa nayo. Haina mwenyewe, haina deni. Ni ya mbinguni!”

Vigelegele vikajaa kanisa. Watu waligeuka kumtazama Gamaliel, naye akaitikia kwa kichwa na kutabasamu, maana ndivyo mtu anavyofanya. 

Baada ya siku ile aliacha kwenda jardin. Aliifunga mashine katika gunia na kuiweka juu ya kabati. Kama alikuwa na kazi upande ule, alizunguka kwa barabara ya nyuma, yenye matope. Mara moja alimwona Jokébed kwa mbali, ameinama, anageuza majani makavu kwa ncha ya fagio kabla ya kuyasukuma kwenye rundo. Alimwona anageuza kila rundo hivyo. Gamaliel aliingia katika duka la mtu asiyemjua, akanunua sabuni asiyoihitaji, ili asipite pale.

Arusi ilifika mwezi wa nane, siku ya posho, Jumamosi yenye jua. Bénite, bibi arusi, alikuwa binti wa wakulima wa Musienene, mpole, mwenye kicheko cha haraka. Baada ya kanisa watu walikusanyika katika uwanja wa shule chini ya hema, viazi na nyama vikapita, muziki ukalia. Gamaliel alianza kupumua. Ndipo akamwona Jokébed kwenye viti vya nyuma, katika kikwembe kizuri ambacho hajakiona bado, na kuku mwekundu kwenye mapaja. Alikuwa amesahau kabisa kwamba alimwalika. Jokébed alimpungia mkono.

Wakati wa zawadi, mwongoza sherehe alichukua mikrofoni. Alikuwa mtu wa kanisa na alipenda kusifu.

“Mbele ya kuleta zawadi, muangalie kidole ya bibi arusi! Ile pete haikutoka ku magazin wala ku soko. Papa Gamaliel aliitoa mu udongo ya jardin! Mungu mwenyewe ndiye bijoutier, fundi ya zahabu!”

Watu wakapiga makofi. Gamaliel hakutaka kugeuka, lakini aligeuka. Jokébed alikuwa amesimama. Hakuwa anapiga makofi. Aliingia katika mstari wa watu wenye zawadi, akasogea nao hatua kwa hatua, kuku kwapani, wakati wanawake mbele yake wanacheza na masufuria vichwani. Alipofika, aliweka kuku miguuni pa maharusi, akamshika Bénite mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Kwa kidole gumba aliigeuza pete polepole, hadi akafika pale palipopondwa. Hapo kidole chake kikasimama.

Bénite alimchekea. Jokébed alisema kitu, midomo tu ndiyo Gamaliel aliyoiona. Kisha akainua macho na kumtazama Gamaliel, aliyekuwa ameketi hatua nne kutoka pale, katika suti mpya, na ua kifuani. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayehakikisha uso ili asikosee. Akapita katikati ya watu wanaocheza, akatoka.

Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, Gamaliel alikwenda jardin asubuhi mapema. Mwanamke mwingine alikuwa anafagia.

“Mama Jokébed? Aliacha kazi,” alisema. “Alirudia Beni, kwa mudogo wake. Alisema hapa hapana tena kitu ya kutafuta.”

Gamaliel aliketi kwenye kiti cha simenti. Mtu wa kanisa alipita, akamsalimu kwa furaha: “Papa wa baraka!” Aliitikia.

Jioni ile, kabla ya giza, alimwomba Florentine waende pamoja kwa watoto. Delphin na Bénite walikuwa wamepanga nyumba ndogo ya vyumba viwili. Bénite alikuwa anasugua sufuria za arusi uani. Gamaliel alikataa kiti. Alieleza akiwa amesimama, tangu mapatano yake na Jokébed hadi kuku mwekundu, na hakuruka siku hata moja. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Delphin alimwambia mara mbili, “Papa, sema kwa nguvu.” Na kuyasema kwa nguvu kulikuwa kubaya zaidi.

Alipomaliza, Bénite aliacha kusugua. Alichota povu kutoka kwenye sufuria, akajipaka kwenye kidole, akavuta pete. Ilikataa, akavuta tena, ikatoka pamoja na kipande cha ngozi. Aliisuuza, akaiweka juu ya jiwe mbele ya baba mkwe wake.

“Nilimuchekea, papa,” alisema. “Aliniambia, ‘Uitunze, binti yangu.’ Nilifikiri ananibariki, mimi namuchekea tu.”

“Nani alikuombaka zahabu?” Delphin aliuliza. Alikuwa analia kwa hasira. “Pete zetu zilikuwapo! Nilizinunua mimi! Tungeoana na zile!”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Sasa kila mutu aliyekuwa pale anaijua ile pete. Tutawaambia nini?”

“Nitasema mimi.”

Florentine aliondoka bila kuaga. Gamaliel alimkuta nyumbani akianua nguo ambazo bado zinachuruzika maji. Alipomwita, hakuitika. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, lakini kwa siku nyingi hakumsemesha.

Kesho yake Gamaliel alikwenda Beni. Kwenye kizuizi kimoja askari waliwashusha abiria wote, na kijana mwenye bunduki akamwambia atoe vitu mifukoni. Gamaliel alitoa kitambulisho, kitambaa na pete iliyofungwa katika karatasi.

“Zahabu! Ya nani?”

“Ya mama moja iko Beni. Namurudishia.”

Askari alimtazama, akamrudishia kwa heshima. “Papa, ozali moto malamu,” alisema kwa Lingala. Wewe ni mtu mwema. Abiria waliosikia walimpisha kiti cha mbele. Hakuna matusi ambayo yangemwuma kama kiti kile.

Ilimchukua asubuhi nzima kuuliza, mtaa kwa mtaa, hadi akaonyeshwa nyumba ya mdogo wa Jokébed. Alimkuta uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo, peke yake. Jokébed alimwona, akaendelea kutwanga hadi majani yakalainika. Ndipo akaegemeza mchi na kumwonyesha kibao cha kukalia. Gamaliel hakukaa. Alipiga magoti, mtu wa miaka hamsini na saba, akaiweka karatasi chini, akaifungua.

“Mama, hii ni yako. Nilikuibia.”

Jokébed hakuigusa.

“Uliipata siku gani?”

“Siku ya pili, mu mwezi wa sita. Ulikuwa mugonjwa.”

“Siku ya tatu nilirudi kazi. Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Pete ilikuwa wapi?”

“Mu nyumba yangu. Mu kikombe.”

“Na siku ya ine?”

“Mu kikombe.”

“Siku ya tano nilikuuliza tena. Ulisema nini?”

“Nilisema bado.”

“Sema vile ulisema.”

Gamaliel alitazama udongo. “Bado, mama,” alisema.

Jokébed alivuta pumzi. Aliokota pete, akaivuta kwenye kidole chake cha zamani. Ikazunguka, maana alikuwa amekonda sana tangu wakati ule, ikateleza hadi kwenye kifundo. Akaijaribu kwenye kidole gumba. Pale ikakaa. Aliifunika kwa mkono mwingine, akageuza uso upande wa ukuta, na mabega yake yakatikisika. Gamaliel alibaki kwenye magoti. Alitamani kuondoka na alijua kwamba hana haki ya kuondoka.

“Siku ya arusi nilifika ku mulango ya ile shule,” Jokébed alisema baadaye, bado anautazama ukuta. “Nilifungua kinywa nipige kelele. Nikaona bibi yako anacheza. Nikaona yule mutoto, hajui kitu. Nikafunga. Mais hapana juu yako nilifunga, ni juu yabo.”

“Naelewa, mama.”

“Ile mutu ya mikrofoni alisema ni Mungu aliitoa. Kanisa yenu yote inaamini vile?”

“Inaamini.”

“Basi utaenda kuwaambia. Hapana juu yangu, mimi nimeipata. Juu ya Kakule. Alikata mbao miaka mbili juu ya kulipa hii pete. Mukipiga makofi, munafanya kama haikuwa na mwenyewe.”

“Nitawaambia.”

Jua lilikuwa limefika utosini. Jokébed aliingia ndani, akatoka na sahani ya bugali na sombe ya jana, akaiweka juu ya kibao. “Kula. Safari ni ndefu.” Hakuketi naye, na hakumwambia kwamba amemsamehe. Gamaliel alikula, kichwa chini, tonge moja baada ya jingine, hadi sahani ikaisha, maana kubakiza kungekuwa tusi jingine. Alipoaga na kushukuru, “Wasingya, mama,” Jokébed aliitikia kwa kichwa na kuchukua mchi wake.

Mchungaji alipoelezwa, alifikiri jambo limalizwe katika bureau, ofisini mwake, wazee watatu tu na sala. “Shemasi, tusibomoe watu,” alisema. Gamaliel alijibu kwamba ushuhuda haukutolewa katika bureau.

Siku ya Mungu ya pili baada ya safari ile, alisimama palepale aliposimama Florentine. Alitaja jina la Jokébed, akataja na la Kakule, mpasuaji wa mbao, aliyeifanyisha pete na aliyeuawa shambani. Alisema, “Niliijua ni ya nani saa ileile nilipoitoa mu udongo. Mwenyewe aliniuliza, nikamudanganya.” Alimaliza haraka kuliko alivyofikiri. Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa sauti, mama yake akamziba mdomo. Mchungaji alisoma uamuzi wa wazee: ameondolewa ushemasi, na hatashiriki meza ya Bwana kwa mwaka mmoja. Kwaya iliambiwa iimbe. Wamama wote walisimama isipokuwa Florentine, aliyebaki ameketi kati ya magauni yao, haonekani.

Nje watu walimsalimu Gamaliel, lakini kwa ncha za vidole, na macho yao yalikuwa na haraka. Mzee mmoja alimwambia kwamba atakuja kuchukua radio yake hata kama haijapona. Bénite alimpa mkono, kwenye kidole chake pete nyepesi ya sokoni, akamtakia siku njema, “Bonne journée, papa,” kwa adabu. Delphin alikuwa ametangulia.

Gamaliel na Florentine walirudi Kimemi kwa miguu, yeye nyuma kidogo ya mke wake. Alijisikia mtupu, lakini ndani ya utupu ule kulikuwa na kitu kama raha: ameyasema yote, ameomba radhi kwa kila aliyemkosea. Walipofika kwenye mteremko, Florentine alisimama ghafla katikati ya njia.

“Uliomba musamaha ku batu yote,” alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku kumi na mbili. “Ku Mama Jokébed. Ku Bénite. Ku kanisa. Mimi uliniomba siku gani?”

“Mama Delphin…”

“Ni kinywa yangu ndiyo ilisema haina mwenyewe. Mbele ya Mungu. Wewe ulikuwa unakaa pale mbele, unaniangalia. Ulijua, ukaniacha niseme. Ukacheka.”

 Siku zote hizo, Gamaliel akihesabu makosa yake moja moja, hilo halikuwa limemwingia akilini. Alidhani ukimya wa mke wake ulikuwa aibu juu yake. Aibu ilimpanda tena, mpya, kama ile ya siku ya tatu, na safari hii hapakuwa na barabara ya nyuma ya kuizunguka.

“Unisamehe,” alisema, na neno lilisikika dogo katika njia ile ya watu wengi.

Florentine alimtazama. “Sijui,” alisema. “Leo sijui.” Aligeuka akaendelea kushuka, na baada ya kitambo Gamaliel akamfuata, Biblia kwapani, akiwaachia njia watu waliokuwa wanapanda.